Kabla ya Kuchapisha Utafiti: Hataza na Uvumbuzi wa Vyuo Vikuu

Mwanafunzi wa uhandisi anaunda mashine ya kukausha mahindi. Inawashwa kwa magunzi badala ya dizeli, hewa moto inapita kwenye punje mara mbili, na mahindi yanafikia unyevu wa asilimia 13.5 unaotakiwa ghalani kabla ukungu unaoleta sumukuvu haujapata nafasi. Msimamizi wake anampa alama nzuri. Tasnifu inawekwa katika maktaba ya chuo, ambayo siku hizi husomwa mtandaoni kutoka pembe yoyote ya dunia. Mashine inapelekwa kwenye maonyesho ya kilimo, watu wanaipiga picha, na kituo cha redio kinamhoji kijana huyo, naye anaeleza kila kitu, hadi ukubwa wa matundu ya trei. Miaka miwili baadaye anaikuta mashine ileile ikiuzwa na fundi wa mji wa jirani. Anataka kwenda mahakamani.

Mfano huo ni wa kubuni, ila sheria itakayomjibu kijana huyo si ya kubuni. Fundi yule hajaiba chochote. Mwenye mashine alipoieleza hadharani bila kuwasilisha ombi la hataza, na muda uliowekwa na sheria ukapita, uvumbuzi wake uliingia mikononi mwa umma. Hata fundi mwenyewe hawezi kupewa hataza ya mashine hiyo. Kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza.

Wakazi wengi wana watoto vyuoni. Wengine ni wahadhiri, mafundi wa maabara, au wakulima ambao mashamba yao hutumiwa na watafiti kujaribia mbegu na dawa. Somo la toleo hili linaeleza hataza ni nini, nani humiliki uvumbuzi uliozaliwa na utafiti wa chuo, na kwa nini mpangilio wa mambo mawili, kuchapisha na kuwasilisha ombi, unaweza kuamua kila kitu.

Kosa lililotokea Cambridge

Si wanafunzi peke yao wanaojikwaa hapa. Mnamo Agosti 1975, wanasayansi wawili, César Milstein na Georges Köhler, walichapisha makala fupi katika jarida la Nature. Walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mjini Cambridge. Walikuwa wamegundua njia ya kuunganisha seli mbili ili zizalishe kingamwili za aina moja tu, kwa wingi na bila kukoma. Njia hiyo ndiyo iliyozaa dawa kama Herceptin, inayotumiwa kutibu aina fulani ya saratani ya matiti hata hapa Kenya. Vijiti vya kupimia ujauzito vinavyouzwa katika maduka ya dawa pia hutumia kingamwili za namna hiyo.

Milstein hakunyamaza. Baraza liliarifiwa kwamba kazi hiyo inaweza kuwa na thamani, nalo likalipeleka suala hilo kwa shirika la serikali lililokuwa na jukumu la kuombea hataza kazi za watafiti wa umma. Jibu lilichelewa zaidi ya mwaka mmoja, na lilipofika lilisema kwamba ni vigumu kuona matumizi ya haraka ya kazi hiyo. Hata hivyo, wakati huo makala ilikuwa imekwisha kutoka, na chini ya sheria ya Uingereza mlango ulikuwa umefungwa. Miaka michache baadaye, watafiti wa taasisi moja ya Philadelphia, waliokuwa wamepewa seli kutoka maabara ya Milstein, walipata hataza za Marekani juu ya kingamwili walizozitengeneza kwa njia hiyo.

Milstein na Köhler walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984, wakiwa pamoja na Niels Jerne. Heshima ya kisayansi haikupotea. Kilichopotea ni uwezo wa waliogharamia kazi hiyo kusema nani aitumie, kwa masharti gani, na kwa malipo gani. Inafaa kukumbuka kwamba hakuna aliyemwibia mwenzake seli usiku. Ofisi moja ilichelewa kujibu barua, jarida moja likatoka kwa wakati wake, basi.

Hataza ni mkataba na umma

Hataza, au patenti kama wengine wanavyoiita, ni haki inayotolewa na serikali kumzuia mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi bila idhini ya mwenye hataza. Nchini Kenya inatolewa chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, na ofisi husika ni Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, inayojulikana zaidi kama KIPI. Haki hiyo hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, mradi ada ya kila mwaka inalipwa. Kabla ya mwaka 1990 Kenya haikuwa na ofisi yake ya kutoa hataza. Mvumbuzi alilazimika kwanza kupata hataza Uingereza, kisha aje kuisajili Nairobi.

Haki hiyo ina bei yake. Mvumbuzi hulazimika kueleza uvumbuzi wake kwa ukamilifu, kiasi kwamba mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo anaweza kuutengeneza akisoma maelezo. Maelezo hayo huchapishwa, na miaka 20 ikiisha kila mtu ni huru kuyatumia. Kwa hiyo anayesema hataza ni njia ya kuficha elimu hajaielewa vizuri. Anayetaka kuficha hubaki na siri yake, kama mpishi asiyetaja viungo vya pilau yake, na siku siri ikivuja hana pa kushtaki kwa jina la hataza.

Ofisi huuliza maswali matatu. Je, uvumbuzi huu ni mpya duniani kote, si Kenya pekee? Je, una hatua ya ubunifu, yaani mtaalamu wa fani hiyo asingeufikia kwa urahisi kutokana na yaliyokwisha kujulikana? Je, unaweza kutumika katika kazi yoyote, iwe kiwanda, kilimo, uvuvi au huduma? Jibu la “hapana” kwa swali moja tu linatosha kuliangusha ombi.

Kuna mambo ambayo hayapewi hataza hata yakiwa mapya. Ugunduzi wa kitu kilichokuwepo katika maumbile ni mmoja wapo, pamoja na nadharia za kisayansi, kanuni za hisabati, mipango ya biashara, na mbinu za kumtibu mgonjwa kwa upasuaji au tiba nyingine. Dawa na kifaa cha kutibia vinaweza kupewa hataza. Mkono wa daktari hauwezi. Mhadhiri aliyezalisha aina mpya ya maharagwe haendi KIPI bali huenda KEPHIS, kwa sababu mimea mipya ina sheria yake. Aliyeandika programu ya kompyuta kwa kawaida hulindwa na hakimiliki. Naye aliyeboresha kidogo jiko au jembe, bila kufikia kiwango cha hatua ya ubunifu, anaweza kuomba cheti kidogo zaidi kinachotolewa na KIPI, kinachodumu miaka 10. Wengi wa mafundi wa jua kali wangefaidika na cheti hicho kuliko hataza yenyewe, lakini ni wachache wanaokiulizia.

Miezi 12, na penye mtego

Sheria ya Kenya ina huruma kidogo. Mvumbuzi mwenyewe akiueleza uvumbuzi wake hadharani, bado ana miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla maelezo yake mwenyewe hayajatumiwa kumkatalia. Huruma hiyo pia humfaa mtu ambaye siri yake ilitolewa na mwingine kwa hila. Yule kijana wa mashine ya mahindi angewasilisha ombi miezi sita baada ya maonyesho, mahojiano yake ya redio yasingemdhuru mbele ya KIPI.

Mtego uko hapa: huruma hiyo haiko kila mahali. Marekani ina kipindi kinachofanana na cha Kenya. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa kawaida maelezo ya mvumbuzi mwenyewe yaliyotoka siku moja kabla ya ombi yanatosha kumwangusha. Mtafiti anayetarajia kuuza kazi yake kwa kampuni ya dawa ya Ulaya hawezi kuitegemea miezi 12 ya Kenya. Njia salama ni kuwasilisha ombi kwanza, hata kama ni asubuhi, na kupeleka makala kwa jarida mchana.

Kueleza hadharani ni jambo pana kuliko wengi wanavyodhani. Makala ya jarida ni kueleza hadharani. Bango la kongamano ni hivyohivyo, hata kama wamelisoma watu kumi. Tasnifu iliyowekwa maktabani ambako yeyote anaweza kuifungua inahesabiwa, na hakuna haja ya kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeisoma. Video fupi ya maonyesho, hotuba kwenye kikao cha wakulima, hata kuuza mashine moja kwa jirani aliyetaka kuijaribu, vyote vinaweza kuletwa mbele ya mtahini. Mwanafunzi anaweza kukiomba chuo kisiiweke tasnifu yake wazi kwa muda hadi ombi liwasilishwe. Na anapolazimika kumwonyesha mfadhili au mtengenezaji mashine, watie saini kwanza mkataba wa kutunza siri, ukurasa mmoja wenye tarehe na majina.

Mazungumzo na msimamizi ndani ya ofisi yake, au kikao cha watafiti waliokubaliana kutunza siri, si kueleza hadharani. Hakuna anayeambiwa afanye kazi akiwa bubu.

Ni ya nani?

Swali hili huleta ugomvi mwingi kuliko mengine yote, na huletwa mezani likiwa limechelewa. Sheria ya mwaka 2001 inasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Mhadhiri aliyeajiriwa kufundisha na kutafiti yumo humo. Aliyevumbua kitu nje ya kazi yake, bila kutumia vifaa, takwimu wala fedha za mwajiri, ndiye mwenye mali. Pia sheria inatambua kwamba uvumbuzi unaweza kuwa na thamani kubwa kupita ilivyotarajiwa mkataba ulipotiwa saini. Hapo mvumbuzi ana haki ya malipo ya ziada, na pande mbili zikishindwa kuelewana, mahakama inaweza kuyapanga. Jina la mvumbuzi linastahili kuandikwa kwenye hataza hata kama mmiliki ni chuo.

Mwanafunzi si mwajiriwa, na hapa mambo huwa na ukungu. Vyuo vingi vina sera ya mali bunifu inayoeleza fedha za uvumbuzi zitakavyogawanywa kati ya chuo, idara na mvumbuzi, na mara nyingi mwanafunzi huikubali sera hiyo anapojisajili, bila kuisoma. Mfadhili wa utafiti naye huweza kuwa na masharti yake. Mashine ya mahindi iliyoundwa katika karakana ya chuo, kwa chuma kilichonunuliwa na mradi wa mfadhili, kwa wazo la mwanafunzi na marekebisho ya msimamizi, inaweza kuwa na watu wanne wanaoidai. Dawa yake ni karatasi iliyoandikwa mapema, wakati bado hakuna fedha za kugombaniwa.

Kenya iliwahi kulipitia somo hili mbele ya macho ya dunia. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka Kanada walikuwa wakifuatilia afya ya wanawake waliouza ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukutana navyo mara nyingi. Kinga yao ilikuwa na jambo la kufundisha, na wanasayansi wa Nairobi na Oxford wakashirikiana kutengeneza chanjo iliyolenga aina ya virusi inayoenea zaidi Kenya. Upande wa Nairobi uliongozwa na Profesa Job Bwayo.

Mwaka 2000, majaribio ya kwanza kwa binadamu yakiwa yanaanza, ilibainika kwamba ombi la hataza lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila wenzao wa Kenya kuwemo. Magazeti ya Nairobi yaliwaka moto. Watu waliuliza: damu ni ya Majengo, kliniki ni ya Nairobi, madaktari ni wetu, mali imekuwaje ya wengine? Baada ya mvutano, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikubaliwa kuwa mmoja wa wamiliki wa haki hizo, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na shirika la kimataifa la chanjo ya Ukimwi, IAVI.

Chanjo yenyewe haikufaulu. Kufikia mwaka 2004 ilionekana wazi kwamba haiamshi kinga ya kutosha mwilini. Kwa hiyo hakuna shilingi iliyogawanywa, na mtu anaweza kusema ugomvi wote ulikuwa wa bure. Lakini wakati wa kugombana hakuna aliyejua kama itafaulu au la, na hivyo ndivyo utafiti ulivyo. Ingefaulu bila makubaliano hayo, Kenya ingenunua chanjo ambayo msingi wake ulitoka katika miili ya wanawake wa Majengo. Ni vyema pia kutambua kwamba hata katika makubaliano hayo mmiliki upande wa Kenya alikuwa chuo. Wanawake wenyewe hawakuwa kwenye orodha ya wamiliki, kwa sababu sheria ya hataza humtambua anayevumbua, si anayetoa damu.

Watafiti wanapofika kijijini

Jambo hilo la mwisho linawahusu moja kwa moja wakazi wa mashinani. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria katika Kaunti ya Baringo, yana vijidudu vinavyoishi katika maji makali ambayo yangeua viumbe vingine. Vimeng'enya vya vijidudu vya namna hiyo vina soko kubwa katika sabuni za kufulia na katika viwanda vinavyochakaza jinzi zionekane kuukuu. Sampuli kutoka maziwa hayo zilichukuliwa na watafiti wa ng'ambo, bidhaa zikatengenezwa, na mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai sehemu ya mapato, likisema kibali kinachofaa hakikutolewa. Mwaka 2007 KWS lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu matumizi ya vijidudu vya Kenya, safari hii masharti yakiwa yameandikwa kabla ya kazi kuanza.

Siku hizi mtafiti anatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na kwa kawaida leseni hiyo humtaka ajitambulishe kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kuanza kazi. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona. Akija mgeni na chupa za sampuli, au akamwomba mzee wa kijiji amwonyeshe mizizi ya kutibu tumbo, si utovu wa adabu kumuuliza: leseni iko wapi, sampuli zinapelekwa wapi, na makubaliano ya kugawana faida yako wapi?

Ujuzi wa mizizi na majani una sheria yake, iliyopitishwa mwaka 2016 kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili maarifa ya jadi yaliyomo ndani ya mipaka yao na kuyalinda dhidi ya matumizi mabaya. Usajili huo una faida ya pili isiyosemwa sana. Maarifa yaliyoandikwa na kuwekewa tarehe ni ushahidi kwamba jambo si jipya. Mwarobaini unaonyesha hivyo. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani na idara ya kilimo ya nchi hiyo hataza ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Wapinzani, kwa msaada wa ushahidi kutoka India, walieleza kwamba wakulima walikuwa wakiyatumia mafuta hayo zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mzee wa Pwani ambaye babu yake aliuita mti huo kwa hesabu ya maradhi arobaini angeshangaa kwamba kesi hiyo ilihitaji miaka yote hiyo.

Njia ya ombi

Hatua ya kwanza haigharimu chochote ila muda. Hifadhidata za hataza za dunia, kama Espacenet ya Ulaya na Patentscope ya shirika la kimataifa la mali bunifu, hufunguliwa bure kwa simu. Mwanafunzi wa mashine ya mahindi angetafuta humo mashine za kukausha nafaka, na huenda angekuta kumi zinazofanana na yake. Asivunjike moyo mapema. Pengine hakuna hata moja inayopitisha hewa mara mbili, na upya wa mashine yake uko hapo.

Ombi lenyewe lina maelezo, michoro, muhtasari, na sehemu inayoitwa madai. Madai ndiyo uzio wa shamba. Kilichomo ndani ya uzio ni cha mwenye hataza, kilicho nje ni cha kila mtu. Kijana akiandika kwamba anadai “mashine ya kukausha mahindi inayotumia magunzi”, mshindani atatia maganda ya kahawa badala ya magunzi na kutoka nje ya uzio akicheka. Akidai “mashine yoyote ya kukausha nafaka”, mtahini atamkatalia kwa sababu mashine hizo zipo tangu zamani. Dai zuri hushika kile hasa kilicho kipya, hapa njia ya hewa kupita mara mbili, bila kujifunga kwa kuni za aina moja. Kuandika madai ni kazi ya ustadi, na kama kuna mahali pa kumlipa wakala wa hataza aliyesajiliwa, ni hapa.

Ombi likifika KIPI hukaguliwa kama limekamilika na kupewa tarehe. Tarehe hiyo ndiyo mali ya kwanza ya mvumbuzi, kwani wawili wakivumbua jambo moja kila mmoja kivyake, aliyetangulia kuwasilisha ombi ndiye hupewa haki. Miezi 18 baadaye ombi huchapishwa. Uchunguzi wa kina haujianzishi wenyewe. Mwombaji lazima auombe na kuulipia ndani ya miaka mitatu tangu alipowasilisha, la sivyo ombi huhesabiwa limeachwa. Kuna watu waliopoteza haki yao si kwa kushindwa, bali kwa kusahau.

Hataza ya Kenya haivuki mpaka wa Namanga wala Busia. Anayetaka ulinzi nje ya nchi ana miezi 12 tangu tarehe ya ombi la Kenya kuomba kwingine huku akitunza tarehe yake ya kwanza. Anaweza kutumia shirika la kikanda ARIPO, lenye makao yake Harare, ambako ombi moja hutaja nchi kadhaa za Afrika, au mfumo wa kimataifa unaomwongezea muda wa kuamua nchi anazozitaka. Kila nchi inayoongezwa ni ada, wakala na tafsiri. Mashine ya mahindi inahitaji ulinzi mahali ambako itauzwa au kuigwa, si Japani.

Je, ni lazima?

Hataza si hundi ya benki. Nyingi hazirudishi hata ada zilizolipiwa, na chuo kinachohesabu mafanikio yake kwa idadi ya vyeti vilivyotundikwa ukutani kinajidanganya. Kazi nyingine ni bora zichapishwe tu, kila mtu azitumie: njia ya kupanda mtama kwa nafasi mpya, kwa mfano, haina kiwanda cha kuilinda wala mtu wa kumdai.

Ila kuna sababu ya kuchukua hataza isiyohusu utajiri. Mwaka 1923 Frederick Banting, Charles Best na James Collip, waliofaulu kutoa insulini ya kutibu kisukari, walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao kwa dola moja kila mmoja. Wangeweza kuiacha bila hataza kabisa. Hofu yao ilikuwa kwamba mtu mwingine angejitokeza, aombe hataza ya njia kama ile, awazuie wengine wote. Chuo kikiwa na hataza mkononi kiliweza kuchagua watengenezaji na kudai dawa iwe safi na ya kipimo sahihi.

Mtafiti au mwanafunzi aliye na kazi anayodhani ni mpya aanze na ofisi ya mali bunifu ya chuo chake, akiwa na daftari la utafiti lenye tarehe, michoro, majina ya wote waliochangia, na nakala ya barua ya mfadhili. Fundi asiye na chuo anaweza kwenda moja kwa moja KIPI, South C, Nairobi, ambako fomu hupatikana na maswali hujibiwa. Kama kazi imekwisha kuonyeshwa mahali popote, aandike siku ilipoonyeshwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu miezi 12 inahesabiwa kuanzia hapo.